Lililomo Tumboni: Amri ya Shemwindo na Hukumu ya Iyangura katika Utendi wa Mwindo

Utangulizi

Utendi wa Mwindo ni wa Wanyanga, wakazi wa misitu ya Walikale katika Kivu ya Kaskazini. Simulizi iliyoufanya ujulikane duniani ilitolewa na fanani Shekarisi Rureke mwaka 1956, kwa muda wa siku 12, mbele ya Daniel Biebuyck, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu kutoka Ubelgiji. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene, Mnyanga na mwanaisimu, ambaye baadaye aliongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Matoleo mengine ya utendi huo yalifuata mwaka 1978.

Wahakiki wengi wamevutiwa na safari za shujaa: kutupwa kwake mtoni ndani ya ngoma, vita vyake na Mukiti, joka la majini, kushuka kwake kuzimu kwa Muisa, na kupandishwa kwake mbinguni. Makala haya yanarudi nyuma hadi mahali ambapo shujaa bado yumo tumboni mwa mama yake. Swali linaloulizwa hapa ni moja: je, kosa la Shemwindo, baba yake Mwindo, ni lipi hasa? Jibu la kawaida ni kwamba alichukia mtoto wa kiume. Makala haya yanatetea jibu jingine, ambalo limo ndani ya utendi wenyewe, kinywani mwa Iyangura, dada yake Shemwindo: kosa lilikuwa kumhukumu mtoto kwa jinsia yake kabla hajajulikana. Jibu hili lina uzito wa pekee siku hizi, kwa kuwa jinsia ya mtoto inaweza kujulikana tangu majuma ya mwanzo ya mimba.

Amri badala ya utabiri

Kisa chenyewe ni hiki. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, ana wake 7. Anawakusanya wazee, washauri na wakuu wa nchi, kisha mbele yao anawatangazia wake zake kwamba wote wazae watoto wa kike tu. Yeyote atakayezaa wa kiume, mtoto huyo atauawa. Wake wote wanashika mimba. Siku moja, wake 6 wanajifungua watoto wa kike. Aliyebaki na mimba ni mke kipenzi, Nyamwindo, na mimba yake inapita kiasi.

Jambo la kwanza linalopaswa kuangaliwa ni kwamba mkutano ule haukumwita mganga wa kupiga ramli. Jamii nyingi zimejaribu kubashiri jinsia ya mtoto. Wamisri wa kale walimwagia ngano na shayiri mkojo wa mwanamke, na nafaka iliyoota kwanza ndiyo iliyotaja jinsia. Watafiti walioirudia njia hiyo mwaka 1963 waliona kwamba mkojo wa wajawazito uliotesha nafaka katika takribani sehemu 70 kwa 100 za majaribio, lakini haukusema lolote kuhusu jinsia. Wengine hutazama umbo la tumbo, ngozi ya mama, ukali wa kichefuchefu au chakula anachokitamani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliowahusisha wanawake 104, ulionyesha kwamba umbo la tumbo halikutabiri jinsia ya mtoto. Dalili za namna hii haziishi kwa sababu zina faida ya hesabu: duniani huzaliwa takribani wavulana 105 kwa kila wasichana 100, kwa hiyo hata anayejibu "mvulana" kila anapoulizwa atapatia mara 51 katika 100. Aliyepatia husifiwa kijiji kizima, na aliyekosea husahauliwa siku ile ile mtoto anapoanza kunyonya.

Mpiga ramli anayekisia, hata akikosea, anakiri kwamba tumboni mna jambo asilolijua, na ndiyo maana analitafuta. Shemwindo halitafuti. Yeye anaamuru. Utabiri ni swali, na amri ni jibu lililotangulia swali. Hapo ndipo msiba wa Tubondo unapoanza.

Isitoshe, amri yenyewe imeelekezwa kwa watu wasiohusika. Tangu mwaka 1905, Nettie Stevens wa Marekani alipochunguza mbegu za uzazi za wadudu, imejulikana kwamba kinachoamua jinsia hutoka upande wa baba: mbegu yenye kromosomu X huleta msichana, na yenye kromosomu Y huleta mvulana. Mwaka 1990 iligunduliwa jeni iliyomo katika kromosomu Y ambayo huanzisha safari ya kuumbika kwa mvulana. Kwa elimu hiyo, Shemwindo aliwatwika wake zake sharti ambalo mwili wake mwenyewe ulikuwa umelivunja. Fanani hakuhitaji maabara kuonyesha upotovu huo: mke aliyekuwa kipenzi anaishia kuwa mke anayedharauliwa, ilhali hakuna alilolitenda ila kuzaa.

Mahari na kiti

Kwa nini mtemi ambaye jamii yake huhesabu ukoo kwa upande wa baba akatae mtoto wa kiume? Maelezo mawili yametolewa. La kwanza ni mahari: binti huingiza mali nyumbani, mwana huitoa. La pili ni kiti: mwana ni mrithi, na kila mrithi humkumbusha baba kwamba siku zake zina mwisho.

Maelezo ya mahari yana ushahidi wa karibu. Kabla Mwindo hajazaliwa, Iyangura anaolewa na Mukiti, na mali inamfikia Shemwindo. Mtemi anaona mwanamke mmoja wa ukoo wake anavyogeuka utajiri, naye anataka wengine. Msomaji wa Kongo haoni ajabu hapo. Sheria ya familia ya mwaka 1987 iliifanya mahari kuwa sehemu ya ndoa, na majadiliano kuhusu kiasi chake hayajaisha.

Hata hivyo, mahari peke yake haitoshi. Mtu anayetafuta mali tu angeweza kumwacha mvulana akue bila kujali. Shemwindo anamrushia mkuki kichanga. Mkuki unapokosa, anaamuru azikwe akiwa hai. Anapotoka kaburini, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Juhudi kubwa hivyo haitokani na hesabu ya mifugo. Ni hofu ya mtu anayeona kiti chake kinatikisika. Maelezo ya kiti, kwa hiyo, yana nguvu zaidi, na mwisho wa utendi unayaunga mkono: baba anayekimbilia kuzimu anarudishwa na mwanawe, anakiri mbele ya watu wote, na kumkabidhi utawala.

Hapa panafaa ulinganisho na pwani. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, mwana ndiye anayemuua baba, kwa sindano ya shaba kitovuni. Katika msitu wa Wanyanga, baba ndiye anayetaka kumuua mwana, na mwana ndiye anayesamehe. Tendi hizi mbili zimeona hatari ile ile kati ya baba na mwana, lakini ule wa Wanyanga ndio unaothubutu kuitafutia tiba.

Upungufu mmoja, hata hivyo, haupaswi kufichwa. Mabinti 6 waliotakiwa sana hawana sauti katika simulizi. Wanazaliwa kwa siku moja, kisha wanatoweka. Kutakiwa kwao hakukuwa kupendwa. Walitakiwa kama mali inavyotakiwa ghalani, na fanani, kwa kuwanyamazia, amewaacha humo humo alimowaweka baba yao. Anayedhani kwamba amri ya Shemwindo ni heshima kwa mtoto wa kike hana budi kuwatafuta mabinti hao katika sehemu yote iliyobaki ya utendi.

Jina linalotangulia mtoto

Utabiri wa kweli uliopo katika utendi umo katika majina. Katika Kinyanga, kiambishi She- humtaja baba wa fulani, na Nya- humtaja mama. Shemwindo, basi, ni Baba Mwindo, na Nyamwindo ni Mama Mwindo, kama vile katika miji ya Katanga mtu mzima anavyoitwa kwa jina la mwanawe. Lakini fanani anamwita mtemi Shemwindo tangu sentensi za mwanzo, kabla ya mimba yoyote kushikwa. Naye Mwindo, kwa maelezo ya utendi wenyewe, ni jina apewalo mtoto wa kiume anayezaliwa nyuma ya wasichana watupu.

Maana yake ni nzito. Kila mara mtemi anapotajwa, msikilizaji Mnyanga anasikia kwamba mtu huyu ni baba wa mvulana aliyewafuata mabinti. Shemwindo anatangaza amri ya kukataa watoto wa kiume huku amelibeba jina la mtoto wa kiume. Wasikilizaji wanajua jinsia ya mtoto, wahusika hawajui. Kejeli hii haikuongezwa na mhakiki. Imo katika mofolojia ya lugha, na mfasiri anayeacha majina hayo bila maelezo huipoteza.

Wakunga na nyenje

Wakati mimba ya Nyamwindo inaendelea, maajabu yanaanza. Kuni zinafika mlangoni zenyewe, na maji vivyo hivyo. Mtoto anafanya kazi za nyumbani kwa ajili ya mama yake kabla ya kuonekana. Kisha anatafakari njia ya kutokea, anaikataa ile ya kawaida, anapanda hadi mkononi na kutokea katika kidole cha kati. Shujaa Lianja wa Wamongo naye anatokea mguuni mwa mama yake. Hivyo kuzaliwa kwa njia ya pekee ni alama inayojulikana ya mashujaa wa Kongo. Lakini kwa Mwindo alama hiyo ina maana ya ziada: mtoto ambaye baba yake alikwisha kumwamulia tumboni anatumia hiari yake humo humo tumboni. Anaitwa Kabutwakenda, yaani kadogo kaliyezaliwa na kutembea papo hapo.

Ndipo linapofuata tukio ambalo wahakiki wamelipita haraka mno. Wakunga wanaona kwamba mtoto ni wa kiume. Baadhi wanataka kulitangaza hilo kijijini. Wengine wanakataa, kwa kuwa Shemwindo akisikia atamuua. Washauri walioketi na mtemi wanauliza kwa sauti ni mtoto gani aliyezaliwa. Wanawake wazee walio ndani ya nyumba wananyamaza. Nyenje aliye ukutani, alipoona wakunga wanaficha, anaondoka na kumpelekea mtemi habari.

Kiswahili kina methali isemayo: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Katika Tubondo, wakunga ndio pekee wanaoelewa kwamba ujuzi wa jinsia ya mtoto si habari ya hivi hivi. Wanajua kwamba habari ile ile, ikifika sikio moja, ni furaha, na ikifika sikio jingine, ni mkuki. Ukimya wao ni tendo la kimaadili, pengine la kwanza katika utendi wote. Nyenje, kwa upande wake, hasemi uongo wala hana chuki na mtoto. Anasema kweli tupu, na kweli hiyo inakaribia kuua. Fanani hamlaani nyenje. Anamwacha msikilizaji ajiulize kama kusema kweli kunatosha.

Hukumu ya Iyangura

Baada ya vita na safari, baraza linakutana Tubondo. Shemwindo anakiri. Kisha Iyangura anasema. Mwanamke huyu, ambaye mahari yake ilimtajirisha kaka yake na ambaye Mukiti alimweka chini ya ulinzi, sasa anaketi kiti kimoja na watemi na kutoa hukumu. Kwa muhtasari, anamwambia kaka yake kwamba alitenda vibaya pamoja na washauri wake. Kwamba aliwagawanya watoto, akiwaita wengine wabaya na wengine wema, ilhali hakukijua kilichomo tumboni mwa mkewe. Na kwamba alichopewa na Ongo, Muumba, alikiona kuwa kibaya.

Hukumu hii ina mihimili miwili, na inafaa kuitenganisha. Mhimili wa kwanza ni wa ujuzi: ulihukumu jambo usilolijua. Mhimili wa pili ni wa kipawa: uliwagawanya watoto uliopewa. Kwa wasikilizaji wa mwaka 1956 mihimili hiyo ilisimama pamoja, kwa kuwa tumbo lilikuwa giza kwa kila mtu. Kwa msomaji wa leo imetengana.

Ekografi, ambayo sehemu nyingine huitwa altrasaundi, imelifungua tumbo. Hata hivyo, ina mipaka. Mpaka kiasi cha juma la 9 viungo vya nje vya mvulana na vya msichana havitofautiki. Utafiti wa Efrat na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba katika juma la 11 utabiri ulikuwa sahihi kwa sehemu 70 tu kati ya 100, katika juma la 12 kwa takribani 99, na katika juma la 13 haukukosea. Tena makosa ya juma la 11 yalielekea upande mmoja: zaidi ya nusu ya wavulana walidhaniwa kuwa wasichana. Hivyo, kama Tubondo ingekuwa na chombo hicho, huenda Mwindo angehesabiwa mapema miongoni mwa mabinti. Njia ya damu ni ya mapema zaidi. Mwaka 1997, Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba chembe za urithi za mtoto huelea katika damu ya mama, na siku hizi jinsia inaweza kutambuliwa kwa damu hiyo tangu juma la 7.

Je, hoja ya Iyangura imepitwa na wakati? Mhimili wa kwanza umelegea, hilo halina ubishi. Baba wa leo anaweza kusema kwamba anakijua kilichomo tumboni. Lakini mhimili wa pili haukuguswa, na historia ya karibuni imeonyesha kwamba sasa ndio unaobeba nyumba yote. Mwaka 1990, Amartya Sen alikadiria kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 walikosekana katika hesabu ya watu duniani, kwa sababu ya kunyimwa malezi na matibabu sawa na wavulana. Baadaye chombo kile cha kuonea kiliongeza hasara hiyo kabla ya kuzaliwa, hata India ikatunga sheria mwaka 1994 ya kukataza kuwaambia wazazi jinsia ya mtoto aliye tumboni. Sheria hiyo inamtaka mtaalamu awe mkunga wa Tubondo, asiwe nyenje. Kilichobadilika ni upande wa chuki tu: huko anayekataliwa ni binti. Amri ni ile ile.

Kongo haina amri ya namna hiyo, lakini ina maswali yake. Katika chuo kama cha Mulungwishi, kando ya barabara itokayo Likasi kuelekea Kolwezi, mwanafunzi Mluba, ambaye ukoo wake hupita kwa baba, hukaa benchi moja na Mbemba au Mlamba, ambaye ukoo wake hupita kwa mama. Kwa mmoja, mvulana ndiye anayeliendeleza jina. Kwa mwingine, bila binti ukoo unakatika. Utendi ukisomwa mbele yao wote wawili, hauwezi kubaki kisa cha mtemi mmoja mkatili. Kila mmoja hana budi kujiuliza ni mtoto yupi ambaye kwao hupokewa kwa vigelegele, na ni yupi hupokewa kwa kimya.

Kiswahili na mtoto aliye tumboni

Utendi huu unastahili tafsiri kamili ya Kiswahili, na kwa jambo hili Kiswahili kina nafasi njema kuliko lugha za Ulaya. Katika Kiswahili, kama katika Kinyanga, upatanisho wa kisarufi hautofautishi mume na mke. Mtoto anapanda mkononi, anatafakari, anatoka: vitenzi vyote hivyo havifichui jinsia. Kiingereza humlazimisha mfasiri kuchagua kiwakilishi, na Kifaransa humpa mtoto jinsia ya kisarufi hata kabla hajazaliwa. Katika Kiswahili, anayetaka kutaja jinsia hana budi kuongeza neno kwa makusudi: "mtoto wa kiume", au kama isemwavyo Katanga, "mtoto mwanaume". Neno hilo la ziada ndilo wakunga walilolizuia.

Mfasiri ajihadhari pia na vitenzi. "Kukisia" ni kujaribu bila hakika. "Kuagua" ni kazi ya mganga. "Kubashiri" kumetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuleta habari njema, bishara. Nyenje alileta habari, hakuleta bishara. Kumwita mbashiri kungeharibu tukio zima.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwanzo wa Utendi wa Mwindo unazungumzia mamlaka juu ya mtoto ambaye hajazaliwa, na kwamba hukumu ya Iyangura ndiyo ufunguo wake. Utendi una upungufu kwa upande wa mabinti 6, na upungufu huo usifunikwe kwa sifa. Lakini umeuliza swali ambalo vyombo vya leo havikulijibu, bali vimelifanya kuwa la haraka zaidi.

Mwindo mwenyewe, baada ya kurudi kutoka mbinguni, anawapa watu wake sheria. Miongoni mwake anawataka wazae watoto, warefu kwa wafupi, kwa kuwa hivyo watakuwa wakimzalia mtemi. Baba alianza utawala wake kwa kuchagua watoto. Mwana anauanza wake kwa kuwapokea. Kati ya sheria hizo mbili ndipo mwalimu wa fasihi anapoweza kuwasimamisha wanafunzi wake, na kuwaacha wabishane.